Miji ya Njia ya Misafara Ugogoni na Maneno Iliyotuachia

Mwandishi wa historia ya Kiswahili aghalabu huanzia Lamu na kumalizia Kilwa. Hutazama misikiti ya mawe, makaburi, hati za Kiarabu na tenzi, na baada ya hayo yote huongeza sura fupi juu ya bara, ambamo lugha huonekana ikisafirishwa kama bidhaa iliyokwisha kutengenezwa. Msomaji wa vitabu vya namna hiyo aweza kudhani kwamba Kiswahili kilipanda gari la moshi Dar es Salaam, kikashuka Dodoma mwaka 1910 reli ilipofika, bila kuongezewa wala kupunguziwa neno njiani. Katika makala haya napenda kuonyesha kwamba sivyo. Miji ya zamani ya Ugogo, pamoja na mashamba na mbuga zinazoizunguka, ni mahali ambapo sehemu ya historia hiyo ilitendeka. Ushahidi wake si majengo, kwa kuwa nyumba za udongo hazidumu. Ushahidi wake ni majina ya mahali, na maneno tunayoyatumia hata leo bila kuuliza yalikopitia.

Nilizaliwa na kukulia Kizota, magharibi ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Singida. Watu wengi wa nje wamelisikia jina hili kwa sababu ya ukumbi ambamo Chama cha Mapinduzi kilifanya Mkutano Mkuu wake, ukiwamo ule wa mwaka 2012. Wengine hulijua kwa maghala ya nafaka. Kwa historia hakuna alijuaye. Nilipokuwa mwanafunzi, sisi watoto wa Kigogo tulichekwa kwa kusema balabala badala ya barabara, na mwalimu wetu mmoja alitufundisha kwamba Kiswahili chetu kilikuwa kivuli tu cha Kiswahili cha pwani. Imani hiyo nilikwenda nayo hata ng'ambo, nilikosomea shahada ya udaktari.

Huko ng'ambo mwenzangu mmoja Mreno alinialika kwao wakati wa likizo. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua Ureno kwa merikebu zake, zilizoishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na kwa Lisbon, bandari iliyozituma. Yeye hakunipeleka Lisbon. Alinipeleka bara, katika jimbo la Trás-os-Montes, ambalo maana ya jina lake ni "nyuma ya milima", hata mji mdogo wa Miranda do Douro uliopakana na Hispania. Zamani mji huo ulikuwa na askofu wake, kisha cheo hicho kikauondoka. Lakini wakulima wa vijiji vyake waliihifadhi lugha yao, Kimiranda, ambayo si lahaja ya Kireno bali ni ya jamii ya Kiasturia na Kileoni, na mwaka 1999 sheria ya Ureno ikaitambua. Wageni wanaofika huko ni wachache, maana wengi huishia ufukoni. Nami niliona haya. Nilikuwa nimesafiri mbali hivyo kwenda kujifunza kutazama bara ya watu wengine, hali ya kwetu sikuwa nimeitembelea. Niliporudi nyumbani nilianza kwenda, likizo baada ya likizo, katika miji ninayoieleza hapa.

Nchi baina ya makali mawili

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, yaani Tabora, haikupita mahali ulipo mji wa Dodoma. Ilipita kusini yake. Burton na Speke waliivuka Ugogo mwaka 1857. Stanley akaivuka mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, na katika orodha ya vituo vyake twasoma majina ya Mvumi, Matamburu na Bihawana. Mvumi na Bihawana zipo hata sasa kwa majina hayo hayo, na Matamburu yake ndiyo Matumbulu ya leo, mwendo mfupi kutoka mjini Dodoma.

Tofauti hiyo ya r na l yafaa kuangaliwa. Chigogo, kama wenyewe wanavyoiita lugha yao, hakina r. Kwa hiyo kila r tuionayo katika majina ya Ugogo yaliyoandikwa na wasafiri yatuonya kwamba ama sikio la Mzungu lilikosea, ama jina lilipita kwanza katika kinywa cha mkalimani au mpagazi asiyekuwa Mgogo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, viongozi wengi walikuwa watu wa Mrima na wa Unguja, na lugha waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili. Ramani za kwanza za Ugogo zilichorwa kwa Kiswahili cha safari, na Wagogo ndio waliokuwa wakitajwa ndani yake.

Majina mawili yatadhihirisha jambo hili. Mashariki, baina ya Mpwapwa na vijiji vya kwanza vya Ugogo, palikuwa na nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali. Magharibi, baada ya msafiri kuiacha Ugogo na kabla hajafika Unyanyembe, palikuwa na pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo Burton alilifasiri kuwa ni shamba la moto. Malenga katika Chigogo ni maji (wala wasomaji wasilichanganye na malenga wa ushairi), na mgunda ni shamba katika Chigogo na katika Kinyamwezi pia. Shina -kali ni la Kibantu kwa jumla, nalo halitoshi peke yake kuthibitisha kitu; lakini umbo mkali, lenye m ya silabi badala ya mu, ni la Kiswahili. Tena tutazame upatanisho. Mgunda mkali ni sawa, kwa kuwa nomino ni ya ngeli ya m- na mi-. Marenga mkali si sawa, kwa kuwa nomino ya ma- ilistahili kivumishi chake kiwe makali. Mimi nafikiri kwamba jina la pili lilifuatishwa na la kwanza, kwa kuwa msafiri aliyataja pamoja kama milango miwili ya nchi moja. Naye aliyeyataja alikuwa mtu aliyejua maneno ya bara na kuyafunga kwa kamba ya Kiswahili, bila kujali sana ngeli. Hatuna hati ya mikataba yao wala barua zao, lakini tunayo sarufi yao katika majina haya mawili.

La tatu ni dogo, nalo ndilo lililonigusa kuliko yote. Ukingoni mwa Marenga Mkali, upande wa Mpwapwa, kipo kijiji cha Chunyu, ambacho wasafiri walikiandika Chunyo, wakayalaumu maji yake kwa uchungu. Mtu wa pwani atalitambua neno hili mara moja: chunyu ni ule ukavu wa chumvi unaobaki juu ya ngozi ya mtu aliyeoga baharini. Sidai kwamba wapwani ndio waliokipa kijiji jina, kwa kuwa shina la munyu limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Lakini fikirini mpagazi wa Mrima, aliyekwisha tembea majuma mengi na kuiacha bahari nyuma yake, akaambiwa kwamba hapa paitwa Chunyo. Hakuhitaji mkalimani. Udugu wa lugha hizi, ambao sisi huuandika ubaoni kwa nyota na vistari, yeye aliuonja mdomoni.

Hongo

Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki watu na ng'ombe huishi kwa visima na madimbwi yaliyochimbwa kwa jasho. Katika nchi ya namna hii, msafara wa watu mia kadha wa kadha ulipofika uliomba kunywa, kununua mtama na kulala. Watemi wa Ugogo walitoza malipo kabla ya kuruhusu mambo hayo, kwa nguo za merikani na kaniki, ushanga na waya. Malipo hayo yaliitwa hongo.

Wasafiri wa Kizungu waliyachukia. Vitabu vyao vimejaa manung'uniko juu ya Magomba, mtemi wa Kanyenye, na wenzake, na humo hongo huelezwa kama unyang'anyi. Hata hivyo, watu hao hao katika nchi zao walilipa ushuru wa bandari na wa barabara, wala hawakuuita wizi. Tofauti ni kwamba mtoza ushuru wa kwao alikuwa na kofia na cheti.

Leo neno hongo katika Kiswahili sanifu maana yake ni rushwa, na kitenzi honga hakina sifa njema popote. Sisemi kwamba wasafiri peke yao ndio waliolibadili. Wafanya biashara wa pwani, waliotoa malipo hayo kwa chuki ile ile, bila shaka walikuwa na sehemu yao. Lakini yatupasa kutambua kwamba maana tuliyorithi ni maana ya mlipaji, si ya mpokeaji. Mzee mmoja jirani yetu Kizota, nilipomweleza habari hizi, aliniuliza kama mtu anayelipa maji ya bomba kila mwezi naye anahonga. Sikuwa na jibu. Kamusi zetu huandika maana ya leo, na hiyo ni haki. Lakini kamusi ya kihistoria ya Kiswahili itakapoandikwa, haitakuwa kamili isipoweka chini ya neno hili, kwa tarehe na kwa mahali, kwamba zamani lilikuwa ushuru wa halali wa wenye visima.

Mpwapwa na Kilimatinde

Aendaye Mpwapwa kutoka Dodoma huiacha barabara kuu Mbande, akapita Kongwa. Hapo Waingereza walianzisha mwaka 1947 ule mradi mkubwa wa karanga, uliokomeshwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30 katika ardhi ambayo Wagogo wangaliweza kuwaambia tabia yake. Hapo pia, tangu mwaka 1964, wapigania uhuru wa FRELIMO na wa vyama vingine vya kusini walikuwa na kambi. Baada ya Kongwa njia yaenda hata Mpwapwa, mji uliotulia chini ya milima.

Wazee wa Kigogo huuita Mhamvwa. Umbo Mpwapwa ni la wageni, nao walikuwa wengi. Hapa misafara ilipumzika kabla au baada ya Marenga Mkali. Wamisionari wa CMS walijenga hapa mwaka 1878. Mmoja wa watu wa misheni hiyo, J. T. Last, aliyekaa pia Mamboya, alitoa mwaka 1885 kitabu cha misamiati ya lugha nyingi za Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo elimu ya lugha za bara ina deni katika vilima hivi. Kampuni ya Wajerumani ilipoweka kituo chake hapa, watu wa Bushiri walikiteketeza mwaka 1889, na mwaka huo huo Wissmann akaja kujenga ngome. Stanley na Emin Pasha walipokuwa wakirudi pwani walipita Novemba. Mambo yote haya katika mwaka mmoja, katika mji ambao leo mgeni huutaja kwa chuo chake cha ualimu na kwa ng'ombe wa mbegu ya Mpwapwa.

Kilimatinde ni mwenzake wa upande wa pili. Umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mtu asimamapo hapo asubuhi huiona mbuga ya Bahi ikitandazika chini mpaka macho yachoke. Wajerumani waliufanya makao ya utawala katika miaka ya 1890, kwa sababu aliyelishika genge hili aliishika njia. Kisha ikaja reli. Treni haikuweza kufuata miguu ya wapagazi: mashariki ilipita Gulwe, ikaiacha Mpwapwa kando, magharibi ikapanda kwa njia ya Saranda, ikaiacha Kilimatinde kusini. Makao ya utawala yakahamia kwenye reli, Dodoma na Manyoni, na Kilimatinde leo ni kijiji cha Mkoa wa Singida chenye hospitali ya Kanisa la Anglikana. Dodoma, ambayo Burton hakuijua, ikawa mji.

Katika safari zote hizo sikuona tembe nyingi. Nyumba ile ya mraba, yenye paa bapa la udongo na ua wa ng'ombe katikati, ndiyo iliyoipa Ugogo sura yake katika vitabu vya wasafiri. Operesheni ya mwaka 1971 iliwakusanya watu katika vijiji vipya. Baadaye mabati yakafanya yaliyobaki. Neno tembe limo katika kamusi. Vijana wengi wa Kizota hulijua kwa maana ya dawa tu.

Kondoa

Kaskazini ya Dodoma, kiasi cha kilomita 160, upo mji wa Kondoa. Wanahistoria wa vita huukumbuka kwa mapigano ya mwezi wa Mei 1916, Lettow-Vorbeck aliposhindwa kuwafukuza humo askari wa Van Deventer. Na ulimwengu huijua wilaya yake kwa michoro ya mapangoni ya Kolo na jirani zake, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, Kondoa ni maktaba ya namna nyingine. Katika eneo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa siku chache husikika Kirangi, ambacho ni cha Kibantu. Kiburunge na Kialagwa, ambavyo ni vya Kikushi. Kimasai na Kidatoga vya Kinailoti. Na Kisandawe chenye vidoko, ambacho udugu wake bado ni mjadala. Kirangi chenyewe kina jambo ambalo ni nadra katika Kibantu cha Afrika ya Mashariki: katika baadhi ya nyakati zake zijazo, kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi hufuata.

Katikati ya lugha hizo zote kimekaa Kiswahili, kilicholetwa na wachuuzi wa pembe na walimu wa Kurani kabla hakijaletwa na karani wa serikali. Mpakani mwa jamii nne za lugha, watu walihitaji soko moja na ulimi mmoja wa sokoni. Mtu asemaye kwamba Kiswahili cha bara ni zao la boma na shule aje Kondoa siku ya gulio.

Malipo ya deni

Imekuwa desturi kusema kwamba bara ilipokea. Yafaa tuhesabu pia ilichotoa. Ikulu ni neno la lugha za bara, hasa Kinyamwezi na Kisukuma, lililomaanisha makao ya mtemi. Likashuka pwani likawa jina la nyumba ya mkuu wa nchi, na mwaka 2023 Ikulu mpya imezinduliwa Chamwino, katika Ugogo. Nyampara, mkuu wa kundi la wapagazi, likawa mnyapara wa kila shamba na kila gereza. Na katika umbo lake la l, neno hilo hilo twalisikia katika jina la Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliyeandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954, akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, na kuukuza utungo wa ngonjera hata ukaingia katika kila shule ya Tanzania. Kama Kiswahili cha Ugogo ni kivuli, kivuli hicho kimewafundisha watoto wa pwani kughani.

Nina ombi kwa wasomaji wa jarida hili. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 treni mpya ya umeme huifikia kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Ardhi inapimwa upesi. Huku Kizota na kandokando yake, kijito au kichuguu kilichokuwa na jina la Chigogo hupata namba ya kiwanja, na jina hufa pamoja na mzee aliyelijua. Kazi ya kuyakusanya haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwanafunzi mwenye daftari, anayejua kuamkia mbukwa na kuketi, ayaandike majina ya visima, vijito na vituo kutoka Chunyu hata Mdaburu, kwa matamshi ya wenyeji, pamoja na hadithi zake hata zile zisizoaminika; maana Dodoma yenyewe ina hadithi ya tembo aliyedidimia matopeni na hadithi ya mikia ya ng'ombe walioibwa, na zote mbili hurudi kwenye neno moja la Chigogo, idodomya, yaani mahali pa kudidimia.

Mimi nimeanza na Kizota. Daftari langu lina majina thelathini na saba, na manane kati yake nimeyapata kwa mtu mmoja tu.